Barua ya wazi kwa chama cha mpira cha wilaya yetu: aliyegongwa kichwa msimuulize kama anaweza kuendelea

Kwako Mwenyekiti,
Katibu,
na wajumbe wote wa Kamati ya Mashindano.

YAH: WACHEZAJI WALIOGONGWA KICHWA KUACHIWA WAAMUE WENYEWE KUENDELEA NA MECHI

Shikamoo Mwenyekiti, na wengine wote poleni na majukumu. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jina la wilaya silitaji, sina nia ya kumuaibisha mtu, nyie mtajijua na waliokuwepo uwanjani siku ile watajua. Nimeandika barua nikaileta ofisini ikapigwa muhuri wa kupokelewa, nikapiga simu, nikamtumia Katibu meseji zikapata tiki za bluu na kimya, mwishowe nikaambiwa kwa mdomo tu pale kwenye korido kwamba suala limefungwa kwa sababu mchezaji mwenyewe alikubali kuendelea. Mngeniambia hamna hela ningewaelewa, mngeniambia refa kateleza ningeshukuru yakaisha, ila hilo la mchezaji alikubali ndo limenifanya nije hadharani, maana kama ndo msimamo wa chama basi wiki ijayo ni kipa wa timu nyingine.

Kwa msionijua, mimi ni muuguzi, na jioni na wikiendi ndo "dokta" wa timu ya mtaa wetu, yaani yule mama mwenye begi la barafu na bandeji na ile spray ambayo watu wanaamini inatibu kila kitu mpaka mapenzi.

Kilichotokea kwa kifupi. Kona, kipindi cha kwanza, kipa wetu katoka kupiga ngumi, goti la mshambuliaji wao likampata juu ya sikio. Simlaumu yule kijana, wote walikuwa wanaufuata mpira. Kipa kalala hajitikisi, watu wakamwagia maji wakampepea na jezi, alipofumbua macho hayakuwa yanatulia sehemu moja. Nikasema huyu anatoka. Kocha akasema kipa wa akiba ni mtoto wa form three. Refa akamuinamia akamuuliza, "Unaweza kuendelea?" naye akajibu, "Niko fresh refa." Ikaishia hapo, mimi nikaambiwa nitoke uwanjani nachelewesha mechi. Dakika chache baadaye beki wake kamrudishia mpira kwa mguu, naye akaudaka kwa mikono katulia kabisa kama hajawahi kusikia hiyo sheria, ikapigwa faulo ndani ya boksi tukafungwa, na jukwaa zima likaanza kuimba kauza mechi. Mapumziko alinifuata kuniuliza kama mechi imeshaanza. Nikamwambia tena kocha, nikamwambia kamisaa, akarudishwa golini kipindi cha pili kwa sababu ile ile, kasema yuko fresh.

Usiku akatapika, tukakimbizana hospitali ya rufaa, CT scan ikatoka safi, wakasema ni mtikisiko wa ubongo. Hapo naomba tuelewane maana kuna mjumbe aliniambia "si picha imetoka safi sasa unalalamika nini", CT inatafuta damu na mfupa uliovunjika, mtikisiko wa ubongo wenyewe kwa kawaida hauonekani kwenye CT wala eksirei, kwahiyo picha safi haimaanishi kichwa kizima. Huyu kijana ni bodaboda. Wiki nyingi kichwa kilikuwa kinamuuma, akigeuka haraka anapepesuka, honi zinamkera, na hesabu ya tajiri haisubiri mtu apone, pikipiki ikapewa mwingine.

Sasa malalamiko yangu:

1. Mnamuuliza aliyeumia kama ameumia

Kiungo kinachotakiwa kujibu hilo swali ndo hicho hicho kilichogongwa. Ubongo ukitikiswa, chumvichumvi zinazotakiwa kukaa ndani ya seli zinavuja nje na nyingine zinaingia pasipo pake, seli zinahangaika kurudisha hali kwa nguvu nyingi wakati huo huo damu inayoleta hiyo nguvu imepungua. Mtu wa hivyo anaweza kusimama, kukimbia, kukujibu vizuri tu na kesho yake asikumbuke kama mliongea. Na wengi hata hawazimii, kwahiyo ile ya "mbona hakuzimia" haisaidii, ingawa wetu mlimuona wote kalala.

Wodini kwetu mgonjwa malaria ikimpanda kichwani anaweza kushuka kitandani akakwambia sista mimi nimepona nataka kwenda nyumbani, na anakwambia kwa sauti kavu kabisa, lakini hakuna muuguzi atakayemfungulia mlango eti kwa sababu mwenyewe kakubali.

Kama mimi ni wa mchangani hamniamini, twendeni Maracanã, fainali ya Kombe la Dunia 2014, Ujerumani na Argentina. Christoph Kramer wa Ujerumani kagongwa usoni na bega la Garay wa Argentina kama dakika ya 17, kacheza mpaka dakika ya 31 ndo katolewa. Katikati hapo alimfuata refa Nicola Rizzoli kumuuliza kama hii ndo fainali, refa akadhani anatania, mpaka alipouliza tena ndo akawashtua wenzake. Mtu yuko kwenye mechi kubwa kuliko zote duniani hajui yuko wapi na miguu inakimbia tu! Angeulizwa na daktari kama anaweza kuendelea angesema nini? Angesema yuko fresh.

Kombe hilo hilo, Uruguay na England, Álvaro Pereira wa Uruguay kapigwa na goti la Sterling akazima kabisa, daktari wa timu kaonyesha mkono atolewe, mchezaji akaja juu, akagoma, akarudi akamaliza mechi. Uruguay walishinda 2-1 na siku ile wengi walimsifu kuwa mwanaume kweli kweli. Mimi nilichokiona ni daktari wa timu ya taifa ananyamazishwa na mgonjwa wake mbele ya dunia nzima.

2. Hata akili ikiwa sawa, hana uhuru wa kusema hapana

Nyie mmecheza mpira, mnajua. Akitoka, kipa wa pili akidaka vizuri namba imeondoka. Akitoka, ile elfu kumi ya nauli baada ya mechi inakuwa na maneno. Jukwaani kuna mjomba wake, kuna madogo wa kijiweni, kuna ng'ombe wa bingwa kafungwa pale kwenye mti wote tunamuona. Kocha anamwambia komaa. Kijana wa miaka 20 kwenye mazingira hayo mnategemea aseme "refa naona kizunguzungu naomba nikapumzike"? Tusidanganyane, hilo sio swali, analazimishwa mbele ya watu halafu baadaye mnaliita ridhaa.

Na sio mchangani tu. Novemba 2013 Everton na Tottenham, Hugo Lloris kipa wa Tottenham kagongwa na goti la Lukaku kazimia, kocha wake Villas-Boas akamuacha aendelee, na kipa mwenyewe ndo alikuwa anang'ang'ania kubaki. Kelele zilipigwa nchi nzima na msimu uliofuata Ligi Kuu ya England ikaweka sheria kwamba neno la mwisho ni la daktari, sio kocha wala mchezaji. Kumbe inawezekana.

Alafu jamani si tuna ngumi hapa hapa? Bondia akipepesuka refa anamkumbatia anamaliza pambano, bondia anapiga kelele anataka kuendelea, mashabiki wanarusha chupa, pambano limeisha. Kwenye mchezo ambao watu wamelipwa kabisa ili wapigane vichwa, aliyepigwa hajiamulii. Kwenye mpira ndo tunamuachia.

3. Pigo la pili

Hili ndo linaloninyima usingizi. Ubongo ambao haujapona ukigongwa tena, hata pigo dogo, unaweza kuvimba kwa kasi ambayo hakuna hospitali ya kuiwahi. Ni nadra, sitaki kuwatisha, ila linaua, na wanaokufa wengi wao ni vijana wadogo. Mwaka 2011 Ireland ya Kaskazini mtoto wa miaka 14, Benjamin Robinson, aligongwa kwenye mechi ya raga ya shule, akaangaliwa, akaendelea kucheza, akagongwa tena, akaanguka mwishoni mwa mechi na akafariki. Ligi yetu imejaa watoto wa sekondari waliosajiliwa na umri wa kupanga, mnajua na mimi najua, tusiingie huko leo.

Na asipokufa haina maana kapona. Jan Vertonghen wa Tottenham, nusu fainali na Ajax 2019, kagongana na mwenzake Alderweireld, katoka damu, kabadilishiwa jezi, karudishwa uwanjani, muda mfupi tu katolewa anashikiliwa kwa kushindwa kusimama. Baadaye alikuja kusema kizunguzungu na maumivu ya kichwa vilimsumbua karibu miezi tisa, wakati ana madaktari na mshahara. Wangu ana Panadol na deni la pikipiki.

4. Hakuna mwenye kauli

Kwenye kikao cha kabla ya mechi mnaongelea rangi za jezi, mnaongelea faini ya kuchelewa, mnaongelea ushirikina getini (na faini yake ipo!), sijawahi kusikia hata mara moja mnaongelea kichwa. Kwahiyo mtu akigongwa kila mmoja anamuangalia mwenzake, refa anamuangalia kocha, kocha anamuangalia mchezaji, na dokta wa timu anaonekana mama mwenye kiherehere.

Sasa najua mtakachojibu maana mengine nimeshajibiwa.

Mtasema hatuna madaktari. Sijaomba daktari. Kuna karatasi fupi inaitwa Concussion Recognition Tool, imetengenezwa na wataalamu wa dunia makusudi kwa watu wasio na taaluma ya afya, toleo namba 6 lilitoka 2023, ni bure. Inakwambia dalili za kuangalia, na maswali: tuko uwanja gani, hiki ni kipindi cha kwanza au cha pili, nani kafunga bao la mwisho, mechi iliyopita mlicheza na nani, mlishinda? Mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuitumia. Ila sikilizeni vizuri, akikosea hata moja anatoka, na akipatia yote bado sio kibali cha kurudi kama macho yalikuwa yanazunguka au kapepesuka au kalala bila kujitikisa, maana dalili nyingine zinakuja baada ya masaa au hata kesho yake. Kazi ya ile karatasi ni kumtoa mtu uwanjani, hakuna aliyeitengeneza kwa ajili ya kumrudisha.

Mtasema refa sio daktari. Sawa, ila sheria ya tano inampa mamlaka ya kusimamisha mchezo na kuhakikisha aliyeumia vibaya anatolewa. Haijasema asubiri ridhaa yake.

Mtasema timu zitadanganya ili zipate sub ya bure. Walioandika sheria walishaliwaza hilo. Tangu Julai 2024 IFAB, ndo hao wanaotunga sheria za mpira duniani, wameruhusu mashindano yanayotaka kuweka sub ya mtikisiko wa ubongo, moja kwa kila timu, haihesabiwi kwenye sub za kawaida, na timu pinzani inapata nafasi ya kuongeza sub na yenyewe. Aliyetoka harudi hata kwenye penati. Sasa utadanganya upate faida gani kama unampa mpinzani na yeye mtu mpya? Kwenye Copa América 2024 walikuwa wanaonyesha kadi ya pinki kwa ajili hiyo, haikuwa adhabu ni ishara tu, na watu walizoea.

Kuna aliyeniambia tuwanunulie makipa kofia kama ya Petr Čech. Čech alivunjika fuvu kule Reading 2006 na ile kofia ilikuwa ya kulinda fuvu lake lisiguswe tena. Ubongo unatikisika ndani ya kofia vile vile. Wamarekani kwenye ule mpira wao wanavaa helmeti ngumu kabisa na madaktari wamejaa pembeni, na bado Septemba 2022 Tua Tagovailoa wa Miami alionekana na dunia nzima anayumba baada ya kugonga kichwa, akaruhusiwa kurudi, siku nne baadaye mechi nyingine akatolewa kwa machela. Ndani ya siku chache wakabadilisha utaratibu, sasa ukiyumba umetoka, hakuna mjadala. Hicho tu ndo nataka tuige, helmeti waache nazo.

Na wazee wangu mtasema zamani tulicheza hivyo hivyo mbona tuko hai. Mliobaki mko hai, ndio. Jeff Astle wa West Brom alifariki 2002 na miaka 59 akiwa hawatambui watu wake, na uchunguzi wa kifo ukasema ni ugonjwa uliotokana na kazi yake, kupiga mpira kichwa. Mwaka 2019 watafiti wa Glasgow waliangalia waliowahi kuwa wachezaji wa kulipwa Scotland, 7,676, wakakuta wanakufa kwa magonjwa ya kuharibika ubongo mara tatu na nusu zaidi ya watu wa kawaida. Huo utafiti ni wa maisha mazima ya mpira sio pigo moja, sitaki kuuvuta kuliko unavyosema, na hao hao walikuwa wanakufa kidogo kwa moyo kuliko wengine, mpira una faida zake. Ila hiyo ya "mbona tuko hai" tuiache.

Ninachoomba ni hiki:

a) Mchezaji yeyote aliyegongwa kichwa na akaonyesha hata dalili moja, anatoka na harudi siku hiyo. Haulizwi. Refa akimkuta amelala bila kujitikisa au anapepesuka, mjadala umeisha.

b) Kauli iwe ya mtu mmoja anayejulikana tangu kikao cha kabla ya mechi. Kama timu ina mtu wa afya ni huyo, kama haina ni refa. Kocha, meneja, mfadhili na mchezaji mwenyewe wasiwe na ruhusa ya kutengua, na benchi litakalotengua lipigwe faini kubwa kuliko ile ya ushirikina.

c) Muingize sub ya mtikisiko wa ubongo kwenye kanuni za mashindano yetu, na kama inahitaji kibali cha juu basi mkiombe sasa kabla ya msimu, msije kutuambia muda umeisha.

d) Aliyetolewa asirudi kwenye mechi bila karatasi ya kituo cha afya, na arudi hatua kwa hatua, kwanza kupumzika siku moja mbili, kutembea, kukimbia kidogo, mazoezi bila kugusana, ndo baadaye mazoezi kamili, kila hatua isipungue siku nzima na dalili zikirudi anarudi nyuma. Kamisaa asigonge leseni yake bila hiyo karatasi. Watoto wa shule wacheleweshwe zaidi.

e) Marefa wote wafundishwe. Nitafundisha mimi bure, jumamosi asubuhi, nipeni darasa na marefa tu, hata chai nitakuja nayo.

f) Na kipa wetu. Matibabu yake timu ilichangishana, chama hakikutoa hata salamu, mjadiliane wenyewe mnaona sawa au la. Ila kuna hili la kauza mechi. Bado anaitwa hivyo kijiweni, na kuna madereva wenzake wanamkatalia zamu kwa ajili hiyo. Mnajua kwamba hakuuza kitu, ripoti ya hospitali mnayo ofisini niliiambatanisha. Naomba mtoe taarifa kwa maandishi yenye jina la chama mseme aliachwa uwanjani akiwa ameumia, na isomwe kwenye kipaza sauti mechi ya kwanza ya robo fainali kabla timu hazijaingia.

Majibu nayaomba kwa maandishi, korido sitakuja tena. Nakala nimewapa makatibu wa timu zote zilizofuzu, na kama mpaka robo fainali inaanza hakuna jibu, tumekubaliana baadhi ya timu kwamba aliyegongwa kichwa tutamtoa wenyewe hata refa akisema aendelee, na kama sub zimeisha tutacheza pungufu.

Wenu katika michezo,

Muuguzi, na dokta wa benchi